Maswali Yenu: Posta Ndani ya Treni

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, barua za wasomaji kuhusu reli zimeongezeka, na nyingi zinauliza habari za posta: barua zilibebwaje kwenye treni, nani alizichambua, na kwa nini kazi hiyo imekwisha. Safari hii ukurasa wote ni wa maswali hayo.

Nimesikia kwamba katika nchi nyingine makarani walikuwa wakichambua barua treni ikiwa inakimbia. Kulikuwa na haja gani? Si wangezibeba tu, zikachambuliwe zikifika?
Msomaji, Area C, Dodoma

Zamani kabisa zilibebwa tu. Reli ya Liverpool na Manchester kule Uingereza ilianza kupokea mifuko ya barua Novemba 1830, miezi miwili baada ya kufunguliwa. Mifuko ilipakiwa upande huu ikashushwa upande ule, basi. Shida ilianza reli zilipokuwa ndefu na kuungana. Mfuko unafika mjini alfajiri, unafunguliwa, barua zinamwagwa mezani, zinachambuliwa kwa saa mbili au tatu, kisha zile za kwenda mbele zinafungwa upya. Zikishafungwa, gari la kuunganisha limekwishaondoka. Barua iliyokimbizwa usiku kucha inalala posta mchana kutwa.

Ndiyo maana Januari 1838 behewa la kubebea farasi liligeuzwa kuwa chumba cha posta, likafungwa kwenye treni ya kati ya Birmingham na Liverpool. Wazo hilo lilikuwa la Frederick Karstadt, mtumishi wa posta. Marekani walifika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1862 William A. Davis, karani wa posta mjini St. Joseph, Missouri, aliona barua za magharibi zinapoteza saa nyingi mjini kwake kabla ya kupandishwa magari ya farasi. Akaanza kuzichambua humo humo kwenye treni ya kutoka Hannibal, ili zikifika zipakiwe moja kwa moja. Miaka miwili baadaye, Agosti 1864, George B. Armstrong akaanzisha behewa rasmi la posta kati ya Chicago na Clinton, Iowa, na utaratibu huo ukaenea nchi nzima.

Faida yake ipigie hesabu mwenyewe. Karani wa treni wa Marekani alitarajiwa kuchambua barua 600 kwa saa. Weka makarani wanne kwa saa sita: barua 14,400, na treni ikisimama kila moja imo kwenye mfuko wa mji wake.

Nilifanya kazi ya kupakia mizigo stesheni. Mifuko ya posta ndiyo tuliyokuwa tukigombezewa kuliko mzigo wowote: huu uwe mbele, huu nyuma. Kwani kuna tofauti gani ikiwa yote imo behewani?
Mstaafu, Bahi

Shikamoo mzee wetu. Tofauti ipo, na ni kubwa.

Posta ya treni ina namna mbili. Moja ni behewa la kuchambulia, lenye makarani ndani. Nyingine ni mifuko iliyofungwa, inayosafiri chini ya ulinzi wa gadi bila mtu kuifungua njiani. Hiyo ya pili inaonekana rahisi, lakini ina sheria moja isiyosamehe: kinachoshuka mwisho kinapanda kwanza.

Tuchukue treni ya Dar es Salaam kwenda Kigoma. Mifuko ya Kigoma inaingia ndani kabisa, ikifuatiwa na ya Kaliua, Tabora, Manyoni, Dodoma na Gulwe, na ya Morogoro inabaki mlangoni. Stesheni ndogo treni husimama dakika chache tu. Gadi akikuta mfuko wa Gulwe uko chini ya mifuko ishirini ya Tabora, atachagua kuchelewesha treni au kuuacha uende. Mara nyingi utaenda, na utarudi na treni ya kupanda pwani, pengine baada ya siku mbili.

Kuna mtego mwingine: jina la mfuko si lazima liwe jina la stesheni. Mpwapwa haiko kwenye reli, kwa hiyo mfuko wake unashuka Gulwe. Wa Kondoa unashuka Dodoma na kumalizia safari kwa barabara ya kaskazini. Wa Mwanza unabadilisha treni Tabora. Wa Mpanda ndio huwachanganya wageni, kwa sababu tawi la Mpanda halianzii Tabora, linaanzia Kaliua, mbele zaidi upande wa Kigoma. Anayeushusha Tabora pamoja na ya Mwanza ameukatisha safari. Na barua ya Mwanza ikitumbukizwa kwenye mfuko wa Kigoma, itavuka Tabora bila mtu kujua na kwenda zaidi ya kilomita 400 nje ya njia yake, kisha ianze kurudi.

Kwa hiyo kila mfuko ulikuwa na kibao au lebo ya mahali unakoshuka, mdomo umefungwa kwa kamba, na fundo limebanwa kwa sili ya risasi au lakiri. Makabidhiano yalikuwa ya kuhesabu: anayetoa na anayepokea wanasoma orodha pamoja, wanatazama sili moja moja, wanatia saini. Ukitia saini bila kutazama sili, mfuko uliochanwa njiani umekuwa wako. Barua za rejista ziliandikwa peke yake, kwa namba zake, na kufungiwa kwenye mfuko mdogo ndani ya mkubwa.

Hata mifuko mitupu ina utaratibu. Inageuzwa nje ndani kabla ya kukunjwa, kwa sababu barua nyembamba hunasa kwenye mshono wa chini. Mfuko usiogeuzwa unaweza kurudi Dar es Salaam na barua ya mtu ndani yake.

Na mvua, hilo unalijua kuliko sisi. Kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe kinafuata bonde la mto Mkondoa, na mafuriko yamekikata mara nyingi. Njia ikikatika mifuko huhamishiwa magari ya barabarani, na hapo ndipo hupotea ile isiyo na lebo inayosomeka. Lebo ya karatasi iliyoandikwa kwa wino unaoyeyuka haina maana masika.

Wanaodhani posta ya huku ilianza na treni wakumbuke kwamba reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo barua za bara zilibebwa na matarishi kwa miguu, wakifuata njia ya misafara iliyopita Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora.

Treni ikipita stesheni ndogo bila kusimama, stesheni masta alikuwa akimnyooshea dereva kitanzi chenye kimkoba. Baba anashikilia kwamba ndani mlikuwa na barua za posta. Ni kweli?
Msomaji, Kintinku

Hapana, ingawa baba amekaribia. Kile kimkoba hubeba tokeni, yaani kibali cha kuingia kipande cha njia kati ya stesheni mbili. Kwenye reli ya njia moja treni mbili zikiingia kipande kimoja zitagongana, kwa hiyo mashine za stesheni mbili zimeunganishwa kwa waya ili tokeni ikishatolewa upande mmoja, nyingine isitoke mpaka ile irudishwe. Dereva asiye nayo haingii. Kitanzi ni kikubwa ili aweze kukipitisha mkononi huku treni inatembea.

Lakini barua nazo zilikabidhiwa kwa treni inayokimbia, tena kwa kasi kubwa zaidi, na vifaa vyake vinastahili kuelezwa.

Waingereza walikuwa na mtambo wa pande mbili, ulioboreshwa na John Dicker miaka ya 1850. Mifuko inayopanda ilifungwa ndani ya mkoba wa ngozi nene, ukaning'inizwa kwenye mkono wa chuma wa nguzo iliyo kando ya reli. Karani akikaribia mahali hapo anasukuma nje wavu wa kamba wenye fremu ya chuma, uliokunjwa ubavuni mwa behewa. Wavu unaukwanyua mkoba na kuutupa ndani sakafuni. Mifuko inayoshuka inafanyiwa kinyume chake: inafungwa kwenye mkono wa behewa, mkono unatolewa nje, wavu wa chini unaipokea, na mkono ukishapoteza uzito unarudi wenyewe ubavuni. Mwaka 1971 ndipo mtambo huo ulipotumika mara ya mwisho.

Marekani walitumia mlingoti na mkono mmoja. Mfuko ulishikwa juu na chini, ukafungwa mkanda kiunoni ili uwe mwembamba katikati, na barua zikagawanywa sawasawa juu na chini. Hapo kiunoni ndipo chuma cha behewa kinapogonga, na mfuko unajikunja juu yake. Barua zikijaa upande mmoja, mfuko unazunguka na kuanguka. Ukizidi uzito, unachanika. Wakati uleule karani anausukuma kwa mguu mfuko wa kushuka, na lazima autupe mbali na treni. Ukianguka karibu, upepo wa treni unauvuta chini ya magurudumu, na barua za mji mzima zinatapakaa relini vipande vipande.

Kosa baya zaidi lilikuwa la muda. Ukitoa wavu mapema, unagonga nguzo ya ishara au ukuta wa daraja. Ukichelewa, mkoba unabaki kwenye nguzo unaning'inia na wenye barua zao wanasubiri kesho. Kwenye mabehewa ya Uingereza kengele ililia muda wote wavu ukiwa nje, ili kila mtu ajiepushe na mlango, kwa kuwa mkoba ulioingia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 90 kwa saa unaweza kumvunja mtu mguu. Je, usiku wa giza karani alijuaje amefika? Kwa masikio. Mlio wa magurudumu hubadilika juu ya daraja, ndani ya mchimbo na kwenye makutano ya njia. Karani mzoefu aliihesabu milio hiyo kama dereva anavyohesabu ishara.

Makarani hao walikumbukaje kila kijiji kiko njia gani? Na ndani ya behewa kulipangwaje?
Mwalimu, Manyoni

Ubavu mmoja wa behewa ulijaa kabati la vijumba vidogo, kila kijumba na jina la posta au njia yake. Ubavu wa pili ulikuwa na ndoano za mifuko iliyo wazi. Karani anasimama katikati: anachukua fungu la barua kwa mkono wa kushoto, anasoma anwani, anatupia kijumbani kwa mkono wa kulia bila kuangalia tena. Miji yenye barua nyingi huwekwa usawa wa kifua, mahali mkono unapofika bila kunyooshwa. Yenye barua chache inawekwa juu kabisa na chini kabisa. Anayepanga kwa alfabeti tu, mabega yatamshtaki kabla ya usiku wa manane. Kijumba kikijaa, barua zinafungwa kamba, fungu linatumbukizwa mfukoni, kijumba kinaanza upya.

Majina kwenye vijumba yalibadilishwa njiani. Treni ikishapita stesheni fulani, kijumba chake hakina kazi tena, kinapewa mji wa mbele. Kwa hiyo mpango wa kabati uliishi ndani ya kichwa cha karani zaidi ya kwenye lebo, na kazi ya kukariri ilikuwa nzito. Marekani mtu alijifunza nyumbani kwa kadi: upande mmoja jina la posta, upande wa pili njia inakopitia. Alizitupia kwenye kabati dogo la mazoezi, kisha akafanyiwa mtihani, na alama zilizohitajika zilikuwa 97 kwa mia. Tena mtihani haukuwa wa mara moja, kwa maana ratiba zikibadilika na njia za barua zinabadilika.

Kitu tunachokipenda kuliko vyote katika utaratibu huo ni kikaratasi kidogo. Kila fungu lililofungwa liliwekewa juu kikaratasi chenye jina la karani, treni na tarehe. Anayelifungua fungu hilo akikuta barua isiyo ya hapo, anaandika kosa nyuma ya kikaratasi na kukirudisha. Makosa yakahesabiwa kwa mtu, na mtu akajua hasa ni mji gani unaomkosesha. Posta, bohari ya dawa, hata duka la jumla, yeyote anayefunga mizigo kwa ajili ya wengine angefaidika na kikaratasi hicho leo.

Kazi ya kusafiri na fedha na barua za watu usiku haikuwa ya hatari?
Msomaji, Mpwapwa

Ilikuwa ya hatari, na kwa muda mrefu wezi hawakuwa hatari kubwa kuliko behewa lenyewe. Marekani behewa la posta mara nyingi lilifungwa mbele, karibu kabisa na injini, na lilikuwa la mbao. Treni ikigonga au kuacha reli, injini nzito iko mbele, mabehewa ya abiria yanasukuma kutoka nyuma, na chumba cha mbao katikati kinasagika. Jiko la makaa na taa za mafuta zikimwagika, karatasi zinamaliza kazi. Mabehewa ya chuma, yaliyoanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo yaliyopunguza vifo hivyo. Makarani wa huko walibeba bastola pia.

Wizi uliovuma zaidi ulitokea Uingereza alfajiri ya tarehe 8 Agosti 1963, kwenye treni ya posta ya kutoka Glasgow kwenda London. Wezi waliifunika taa ya kijani kwa glavu na kuwasha taa nyekundu kwa betri. Dereva akasimama kama sheria inavyotaka. Behewa la vitu vya thamani lilikuwa la pili kutoka kwenye injini, wakayafungua mabehewa mawili ya mbele na kuyasogeza hadi penye daraja ambako magari yao yalisubiri. Walichukua zaidi ya pauni milioni 2.6, na dereva alipigwa kichwani. Makarani wa mabehewa ya nyuma walibaki relini wakidhani treni imesimamishwa na ishara ya kawaida. Tunaona udhaifu ulikuwa mpangilio wenyewe: thamani yote behewa moja, mahali palepale kila usiku, na hakuna mawasiliano kati ya behewa hilo na mengine.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kazi hii iliisha lini, na je, SGR haiwezi kuirudisha?

Marahaba. Behewa la mwisho la kuchambulia Marekani, la kati ya New York na Washington, lilimaliza safari tarehe 30 Juni 1977. Ujerumani waliacha 1997, Uingereza Januari 2004. Ufaransa walijaribu njia nyingine: treni za posta za TGV, yaani za mwendo kasi, zilizokimbia kuanzia 1984 hadi 2015, zikibeba barua zilizokwisha kuchambuliwa.

Sababu zilikuja kwa pamoja. Ndege ilichukua barua za mbali na lori likachukua za karibu. Treni za abiria zikapunguzwa, na behewa la posta haliwezi kwenda bila treni. Kilichoimaliza kabisa kilikuwa namba. Marekani ilipoanzisha misimbo ya posta mwaka 1963, haikuhitajika tena mtu anayejua vijiji elfu kwa kichwa. Mashine inayosoma namba inafanya kazi hiyo, na mashine hiyo ni kubwa mno kuwekwa behewani.

Kwa SGR, jibu letu ni kwamba kuchambua ndani hakuna faida. Dar es Salaam hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 450, na treni inazimaliza kwa chini ya saa nne. Makarani wangekuwa hawajapanga hata meza. Zaidi ya hayo, barua nyingi za nchi hii haziendi mlangoni kwa mtu, zinaenda kwenye sanduku la posta. Ukiandika S.L.P. na Dodoma, anayechambua njiani anahitaji kujua mji tu. Namba ya sanduku ni kazi ya posta inayopokea. Uchambuzi wa kina uliowapa Waingereza na Wamarekani haja ya mabehewa yale, sisi hatukuuhitaji kwa kiasi hicho. Hilo litabadilika kadiri misimbo ya posta ya tarakimu tano, ambayo kwa Dodoma mjini huanza na 41, inavyotumika pamoja na anwani za makazi.

Mifuko na vifurushi vilivyofungwa ni habari nyingine, na hapo treni ya kasi inafaa sana. Sharti ni moja: visipakiwe kimoja kimoja. Treni ikisimama Morogoro dakika chache, kinachowezekana kushushwa ni kitoroli cha chuma chenye magurudumu, kilichojazwa tangu Dar es Salaam, kimewekwa mlangoni, na mtu wa kukipokea yupo jukwaani kabla treni haijafika.

Kwenye sanduku la bibi tumekuta bahasha za zamani. Tutajuaje kama zilipitia posta ya treni, na tuzitunzeje?
Msomaji, Kizota, Dodoma

Tazameni mhuri, msitazame stempu. Mihuri ya mabehewa ya mtindo wa Kiingereza huwa na herufi T.P.O. (Travelling Post Office, yaani posta inayosafiri) na mara nyingi neno UP au DOWN, kuonyesha treni ilikuwa ikielekea upande gani. Ya Kijerumani mara nyingi ni ya umbo la yai, ina majina ya miji miwili ya mwisho wa njia, neno BAHNPOST (posta ya reli), na neno ZUG (treni) likifuatiwa na namba ya treni. Mhuri wenye jina la mji mmoja tu ni wa posta ya kawaida, hata kama barua ilisafiri kwa reli. Mifuko iliyofungwa haiachi alama yoyote kwenye bahasha.

Msibandue stempu, kwa kuwa bahasha nzima yenye mhuri kamili ndiyo inayoeleza safari. Geuzeni na nyuma, mihuri ya kupokelea huwa huko na tarehe zake zitawaambia barua ilichukua siku ngapi. Msitumie selotepu, gundi yake hupenya na kuacha doa la njano lisilotoka. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu nayo haifai, inanata kwenye wino. Fungeni kila bahasha kwa karatasi nyeupe safi, andikeni maelezo kwa penseli kwenye hiyo karatasi, na zote ziingie kwenye bati lenye mfuniko unaobana. Bati likae juu ya rafu, mbali na ukuta, maana mchwa wa Dodoma hupanda kupitia ukutani.